Kisima kimeingia mafuta: bakteria wa kununua au wa hapo hapo?

Kila dizeli ya jenereta ikivuja karibu na kisima huku kwetu Unguja mabishano ni yale yale, tulete bakteria wanaokula mafuta tuwamimine chini, au tuwalishe waliopo kwa kuwapulizia hewa na mbolea kidogo. Kwa bei wa hapo hapo wanashinda, huwanunui huwasafirishi, na kwa petroli na dizeli udongo mwingi unao tayari.

Uhakika ndo penye kazi. Kule maweni, Makunduchi au Jambiani, maji yanapita kwenye nyufa na mapango ya jiwe la matumbawe, ukimimina bakteria wanateleza na njia kubwa kama daladala kwenye lami, mafuta yaliyojificha kwenye vitundu pembeni wanayapita tu. Penye mchanga ndo wengi wananasa kwenye chembe karibu na hapo hapo ulipowamimina. Wapo wenye vimkia wanaoogelea kufuata chakula, ila maji yakikimbia wanachukuliwa, watafanyaje. Wa hapo hapo wameshajitawanya humo, tabu yao hewa, manake nayo inafuata njia kubwa vile vile.

Matunzo sare, wote utawalisha na maji utapima (mbolea ukizidisha unakunywa naitreti, ile chumvi ya mbolea yenye madhara).

Sasa kama uchafu ni zile dawa za klorini za kusafishia vyuma, miye ningenunua, manake wanaojulikana zaidi kwa kuzimaliza mpaka mwisho ni bakteria waitwao Dehalococcoides na si kila mahala wapo. Ila hao usiwapulizie hewa, inawaua.