Kuotesha makohozi au kupima RNA?

Ukijaribu dawa mpya ya kifua kikuu, kama wanavyofanya watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) Mbeya, unataka kujua bakteria walio hai wanapungua kwa kasi gani.

Kuotesha makohozi kwenye chupa za MGIT, zenye chakula cha bakteria, kunaaminika: kinachoota ni kizima. Ila chupa hukaa mashineni hadi siku 42, na vijidudu vya mdomoni vikiwahi kuota, sampuli imeharibika.

MBLA ni kipimo cha maabara kinachopima RNA ya ribosomu (molekuli zilizo ndani ya viwanda vya protini vya bakteria), majibu siku hiyohiyo. Kwa nini si DNA, kama GeneXpert, kipimo cha kugundua kifua kikuu? DNA hubaki hata bakteria akifa, hivyo aliyepona anaweza kuonekana bado mgonjwa. RNA huoza upesi bakteria akifa. Huoza pia sampuli ikichelewa njiani kutoka wilaya ya Chunya bila kuhifadhiwa vizuri, na hiyo ndiyo kero yake. Kwa wiki za mwanzo za tiba, nachagua MBLA.