Nililipia mafunzo ya kuunganisha programu hapa Lubumbashi, maelekezo wakaninyima

Sitaki mtu mwingine wa hapa Lubumbashi atoe dola zake kama nilivyotoa zangu, kwa hiyo naanza na nyota kabisa: mbili. Nazungumzia kituo kimoja cha mafunzo cha mjini, kile cha ghorofani, kinachofundisha chombo cha kuunganisha programu za biashara. Zote mbili ni za mwalimu. Kituo chenyewe hakina hata moja.

Mimi ni mhasibu wa duka la jumla huko Kampemba. Tunauza unga, mafuta na sukari, na mzigo mwingi unapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mauzo yako kwenye programu moja, hesabu ziko kwenye nyingine, na wateja wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, huyu kwa franka, yule kwa dola, mwingine nusu hivi nusu vile. Kila jioni kuna mtu anayekaa kunakili kwa mkono kutoka programu moja kwenda nyingine. Patron akakubali tununue chombo cha kuziunganisha, na mimi nikapelekwa kujifunza. Ilikuwa mvua zinakaribia kuisha.

Mwalimu anaijua kazi yake, hilo siwezi kumnyima. Alitueleza kwa nini neno «Société» linafika upande wa pili likiwa «SociÃ©tÃ©»: faili imeandikwa kwa UTF-8, mpangilio wa herufi unaotumika sasa, lakini programu inayoipokea inaisoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows. Majina ya wateja wetu yalikuwa yameharibika hivyo muda mrefu, na yeye alituonyesha pa kurekebisha papo hapo. Siku ile nilitoka na furaha ya kweli. Kama ningeandika jioni ile, mngesoma nyota tano.

Shida ilianza niliporudi kazini na vile vitini vyao. Picha zote ni za toleo la zamani. Wanasema bonyeza hapa, na hapo hakuna kitu cha kubonyeza. Mifano yao ni ya mteja anayelipa kwa euro, kwa kadi, mara moja, basi. Nani anauza hivyo hapa kwetu? Mimi nahitaji malipo ya simu yaingie akaunti 552, ambayo SYSCOHADA ya sasa, ule utaratibu wa uhasibu tunaoufuata, imeitenga kwa pesa ya kwenye simu, na deni la mteja lishuke kwenye 411, akaunti ya wateja. Programu yetu ya hesabu inaandika kiasi kwa mtindo wa Kifaransa, 1 250,50, chombo kinataka 1250.50. Koma niliibadilisha. Nafasi ya katikati ilikataa kutoka, kwa sababu si nafasi ya kawaida, ni ile isiyokatika, na kompyuta inaihesabu kuwa herufi nyingine kabisa. Jambo kama hilo linatakiwa liwe kwenye maelekezo ya chombo. Nikafungua kiungo kilichochapwa nyuma ya kitini, ukurasa ukanidai namba ya mkataba.

Nikapanda ghorofani. Kijana wa mapokezi hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. «Mama, maelekezo iko ku intaneti. Kila mutu anajua.»

Nilimwonyesha ukurasa wenyewe. Akautazama kidogo: «Ile ni ya wenye mukataba. Ninyi mulilipa mafunzo tu. Muulize Kinshasa.» Kisha akarudi kwenye simu yake, mimi nimesimama pale na vitini mkononi.

Kila mtu anajua! Kama kila mtu angejua, mimi ningelipia nini? Na huko Kinshasa, ambako saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, unapiga asubuhi hawajafika, wakifika wanakuahidi barua pepe. Barua pepe haijaja. Ni sawa na kuuziwa jenereta, ufunguo ubaki kwa muuzaji.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hiki ni chombo kinachogusa pesa za watu. Ile tokeni inayoruhusu programu mbili kuzungumza, kwetu inakufa baada ya saa moja. Usipoweka namna ya kuihuisha, seva inajibu 401, yaani huna ruhusa, na malipo ya baada ya hapo hayaingii. Mama mmoja anayechukua unga kwetu kwenda kuuza komini ya Kenya, hapa hapa mjini, aliambiwa mbele ya watu kwamba ana deni, naye alikuwa amelipa, na ujumbe wa malipo alikuwa nao kwenye simu. Aliuonyesha huku analia. Jibu la tatizo hilo liko kwenye ukurasa waliofunga.

Wanaosema kila mahali ni hivyo, si kweli. Apache Camel inafanya kazi ya aina hiyo hiyo, ni ya bure, iko tangu 2007, na maelekezo yake yanakaa pamoja na msimbo kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Ukichukua nakala mara moja unasoma bila kumaliza mega, hata umeme ukikatika, mradi betri ipo. Humo ndimo nilimokuta ukurasa wa Idempotent Consumer, unaofundisha kutunza namba ya kila muamala ili malipo yaleyale yakifika tena yakataliwe. Hawakunidai mkataba wowote. Ila ni Kiingereza kitupu, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunakisoma kwa shida. Tena hata ukiandika kwa YAML, maandishi mepesi ya mipangilio, badala ya lugha ya programu ya Java, inataka mtu mwenye muda, na duka halifungwi nikasome. Kwa hiyo siwezi kusema tu mkimbilie huko.

Nilisema nyota mbili. Nikimkumbuka yule mama, naondoa moja. Inayobaki ni ya mwalimu peke yake, na akifungua darasa lake mwenyewe nitakwenda kulipa tena.

Ninyi mnaotaka kujiandikisha pale, kabla ya kutoa pesa waambieni wafungue ukurasa wa maelekezo kwenye simu yenu, si kwenye kompyuta yao, na someni tarehe ya toleo. Mimi bado nasubiri ile namba ya mkataba. Wakinipa, nitarudi kubadilisha nyota.