TAHADHARI: huyu "kapteni" anayeuza kazi ya urubani hapa Lubumbashi

Bandugu, wiki tatu nimenyamaza kwa sababu ya aibu. Leo nasema. Nimeliwa dola 4,200, na hazikuwa zangu peke yangu. Dada yangu mpaka sasa haniangalii usoni.

Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi mdogo wa hoteli mjini. Kulikuwa na kiyoyozi, maji ya chupa, wazazi kama kumi na tano wamevaa nguo za kanisani. Yeye mwenyewe shati jeupe, mistari minne mabegani, viatu vinang'aa. Akatuonyesha video ya vijana weusi kama wetu wanapanda ndege. Miezi 9 tu, alisema, mtoto asiyejua kitu anakuwa rubani wa zile kampuni za Marekani zinazobeba abiria kutoka miji midogo kwenda viwanja vikubwa. "Kazi ipo, kampuni imeshasaini." Akainua barua yenye nembo. Halafu akampigia simu mtu wa Florida, akafungua sauti sote tusikie, na yule mtu akamtaja kijana wetu kwa jina. Kwa jina! Dada akaanza kulia. Kapteni akavua kofia yake, akamvalisha mtoto, akampiga picha. "Nafasi zimebaki mbili, orodha inafungwa leo saa kumi na moja."

Mtaniuliza, mtu mzima kama wewe ulimwaminije? Nilipomhesabia zile noti 42 za mia mia, alinirudishia moja. Ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni. "Papa, hii hawataipokea." Nikatoka mbio kwa kambisti, mbadilisha pesa wa barabarani, kuibadilisha. Njiani nikajiambia kwamba mwizi hachagui noti, anachukua zote. Noti ile moja ndiyo iliyonifunga macho. Tena kulikuwa na kontra, yaani mkataba, akaigonga muhuri mara tatu, akanipa mkono kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu.

Aliyenizindua ni mdogo wangu wa uwanja wa ndege wa Luano, mnamjua, yule mekanisiani. Alisoma karatasi, akauliza jambo moja: "Saa za kuruka ni ngapi?" Imeandikwa 250. Akakaa kimya kwanza. Kisha akaniambia kwamba Marekani, tangu 2013, hata rubani msaidizi, yule wa kiti cha kulia, katika kampuni za abiria anatakiwa awe na saa 1,500. Wachache wanapunguziwa, kwa mfano wenye digrii ya urubani ya chuo kilichoidhinishwa, wao 1,000. Sheria hiyo ilikuja baada ya ajali ya 2009 karibu na Buffalo, walipokufa watu 50. Sasa zile 1,250 zilizobaki mtoto angezitoa wapi? Wamarekani wenyewe, wengi wanazikusanya kwa kufundisha wengine, huku wanalipwa. Viza ya M-1 aliyotuahidi kapteni, ile ya wanafunzi wa ufundi, haimruhusu mwanafunzi kufanya kazi akiwa masomoni. Akimaliza anapewa mazoezi tu, yasiyozidi miezi 6.

Tukaichukua ile barua yenye nembo, tukaisoma neno kwa neno. Imeandikwa mahojiano. Mahojiano, si kazi! Na hayo kwa atakayetimiza saa. Shule yenyewe tukaitafuta katika orodha ya serikali ya Marekani ya shule zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Haimo. Fomu ya I-20 aliyotupa, ile ambayo shule humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza, haina ile namba inayoanza na N. Namba yake ya simu nayo haipatikani tena.

Akamatwe! Apelekwe gereza la Kasapa, na waliomsaidia wote, hata aliyempangishia ule ukumbi aulizwe. Amekula pesa za wajane, amewavalisha watoto kofia akijua. Sitaki kusikia mtu akiniambia nimsamehe.

Mjihadhari na haraka yake. Anataka pesa mkononi. Risiti ina jina la mtu, siyo la shule. Hakuuliza kama kijana amepimwa na daktari wa anga, wala hakumjaribu Kiingereza hata neno moja. Mengine yatanirudia, sasa hivi kichwa kinauma. Lakini afungwe!

Nasikia Jumamosi hii anawaita wazazi wa Likasi, kwa namba nyingine. Mwenye ndugu huko ampigie leo, asingoje kesho. Tuliolipa tunakutana Jumatatu saa mbili asubuhi mbele ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Njooni na kontra, risiti, na zile picha za kofia.