NCERT ya India: vyuo vishiriki au hadhi ya chuo kikuu?

NCERT, baraza la taifa la utafiti na mafunzo ya elimu la India lililoanzishwa 1961, huandaa mitaala na vitabu vya shule, na pia hufundisha walimu. Vyuo vyake vya kanda vikibaki vishiriki, shahada hutolewa na vyuo vikuu vya jirani: chuo cha mjini Mysuru hutegemea Chuo Kikuu cha Mysore, cha Bhubaneswar hutegemea Chuo Kikuu cha Utkal. Kozi mpya ya ualimu hungoja idhini ya kila chuo kikuu, kwa hiyo taasisi moja huishia na silabasi na ratiba za mitihani zisizofanana.

Hadhi ya chuo kikuu, chini ya kifungu cha 3 cha Sheria ya UGC (tume ya ruzuku za vyuo vikuu) ya 1956, huiwezesha NCERT kutunga kozi, kutahini na kutunuku shahada yenyewe. Hii ndiyo bora, mradi udahili usiwanyang'anye waandishi wa vitabu muda wao.