Banda la mpira la Majengo na ubao wake usiofutwa

Mombasa haikosi pa kutazamia mpira. Kutoka Kongowea hadi Likoni kila mtaa una banda lake, na kila banda lina mashabiki wa Arsenal na Manchester United wanaogombania viti vya mbele Jumamosi jioni. Panapopatikana kwa shida ni pale ambapo mtu ataingia, atalipa na kuitazama timu ya taifa ya vijana bila ya kuombwa radhi katikati ya mchezo kwamba wateja wengine wanataka ligi ya Uhispania. Ndiyo maana nimeona niandike kuhusu banda moja lililo katika kichochoro cha Majengo, hatua chache kutoka barabara ya Jomo Kenyatta. Halina jina wala bango. Wenyeji hulielekeza kwa mlango wake wa mabati uliopakwa rangi ya kijani, na mwenyewe, mzee wa makamo mwenye kofia ya vito, huitwa Ami na kila aingiaye, awe mpwa wake au mchukuzi wa bandarini.

Nimelijaribu kwa mashindano mawili: Kombe la Dunia la wasichana walio chini ya umri wa miaka 17, lililochezwa Jamhuri ya Dominika mwezi wa Oktoba 2024, na Kombe la Mataifa ya Afrika la vijana walio chini ya miaka 20, lililochezwa Misri kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei 2025. Nalipima kwa hayo peke yake. Anayetaka kujua hali yake usiku wa Ligi ya Mabingwa aulize wengine, ingawa joto na kelele nilizozisikia nikipita nje zilinitosha.

Ndani mna mabenchi manane ya mbao, viti vya plastiki vipatavyo ishirini na panka mbili, mojawapo ikilalama kama mlango usiotiwa mafuta. Picha hurushwa na projekta juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Usiku huonekana vizuri hata namba za jezi zikasomeka, lakini mchana mwanga hupenya katika nyufa za mabati na wachezaji wakawa vivuli vinavyokimbizana. Sauti ni safi, na Ami huipunguza kila adhana inapotolewa, hata kama mpira uko mguuni mwa mshambuliaji ndani ya eneo la penalti. Kiingilio cha mechi za vijana ni shilingi 30, na mwanafunzi halipi. Pale mlangoni huuzwa viazi karai na ukwaju mzito wenye pilipili, na kahawa tungu humiminwa kutoka kwenye dele kwa shilingi 10 kikombe. Choo kipo nyuma, na ni afadhali uende kabla hujatoka nyumbani.

Kinacholitofautisha banda hili na mengine yote niliyowahi kukaa ni ubao ulio upande wa kulia wa ukuta. Nusu ya kwanza huandikwa kwa chaki: matokeo ya ligi za Ulaya, ambayo hufutwa kila Jumatatu kwa kitambaa kilichorowa. Nusu ya pili imeandikwa kwa rangi ya mafuta, nyeupe, kwa brashi nyembamba, na ni ya timu za taifa za vijana tu. Ami anasema ya vijana hayafutwi kwa sababu hakuna mwingine atakayeyakumbuka. Kosa likitokea, basi hubaki. Mstari wa Tunisia uliandikwa bila ya herufi moja, na sasa kuna “i” ndogo imening'inia juu ya neno kama kunguru juu ya waya wa stima.

Mstari wa juu kabisa hauna matokeo. Umeandikwa “2022” na kupigwa kistari kirefu. Mgeni asipouliza hatajua kwamba hiyo ni miezi ya kuanzia Februari hadi Novemba ya mwaka huo, ambapo Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA baada ya serikali kuingilia uendeshaji wa shirikisho la soka, na timu zetu zote, za wakubwa na za watoto, zikakaa nje ya mashindano ya kimataifa. Kwa mchezaji wa miaka ishirini na minane, miezi tisa ni msimu uliopotea. Kwa msichana wa miaka kumi na sita huenda ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo katika rika lake. Kistari kile kinasema hayo bila ya maneno, na kwa maoni yangu ndicho kilichoandikwa kwa ufasaha kuliko vyote ubaoni.

Chini yake wanaanza Junior Starlets, timu yetu ya wasichana walio chini ya miaka 17. Wasichana hawa waliitoa Burundi kwa jumla ya mabao 5 kwa 0 mwezi wa Juni 2024, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya rika lolote na ya jinsia yoyote, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Wakapangwa pamoja na Uingereza, Korea Kaskazini na Mexico, kundi ambalo hata timu ya wakubwa ingeomba iondolewe.

Jamhuri ya Dominika iko nyuma yetu kwa saa saba, kwa hivyo mechi ya jioni kule ni ya usiku mwingi huku, na hapo ndipo huduma ya banda ilipopimwa kwa kweli. Usiku wa kwanza, dhidi ya Uingereza, tulikuwa watu kumi na mmoja, tukiwemo mimi na mlinzi wa duka la jirani aliyesimama mlangoni ili aone pande zote mbili. Banda jingine lolote lingefungwa kwa hasara. Ami alifungua, akatengeneza kahawa upya, na alipoona mechi haimo katika king'amuzi chake akaunganisha tarakilishi ya mpwawe na kuirusha kwa intaneti. Tulifungwa 2 kwa 0. Mechi ya pili Korea Kaskazini wakatufunga 3 kwa 0, na watazamaji walikuwa wamepungua hadi saba. Nakiri kwamba ile ya tatu nilikwenda kwa sababu ya kumwonea haya mzee wa watu, si kwa sababu ya matumaini.

Mechi hiyo ilikuwa ya Mexico. Intaneti ilianza kukwama, picha ikawa inasimama na kuruka, na kuna wakati mshambuliaji wetu aliganda mguu juu kwa muda ambao mtu angeweza kumaliza kikombe kizima. Kijana mmoja aliyekuwa akifuata matokeo kwenye simu yake akapiga ukelele kabla ya ukuta kuonyesha chochote. Ami akamwambia kwa upole, “Mwanangu, ukijua, nyamaza, tuache na sisi tujue wenyewe.” Yule kijana akafumba mdomo kwa viganja viwili, na sote tukakaa tukiutazama ukuta, tayari tunajua, tukisubiri macho yaamini. Filimbi ya mwisho ilipolia ukuta ulisoma Kenya 2, Mexico 1: ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Dunia la soka. Brashi ilichukuliwa usiku ule ule. Mkono ulioishika ulikuwa unatetemeka, na ile “2” imepinda hadi leo.

Kwa huduma ya mwezi ule sina lawama kubwa. Intaneti ni ya kukopa, na mtu alipaye shilingi 30 usiku wa manane hana haki ya kudai zaidi.

Lawama ni ya Mei 2025. Misri ilikuwa katika saa zake za kiangazi, kwa hivyo saa ya kule ni hii hii ya kwetu, na watu wakaweza kuja bila ya kukopa usingizi. Rising Stars, vijana wetu walio chini ya miaka 20, walikuwa wamefika fainali za Afrika za rika lao kwa mara ya kwanza, chini ya kocha Salim Babu, na siku ya mechi yao ya kwanza, dhidi ya Moroko, ilikuwa Mei mosi, sikukuu ya wafanyakazi. Banda likafurika. Kiingilio kilikuwa bado 30, tukafungwa 3 kwa 2 baada ya mchezo uliowafanya watu wasimame juu ya mabenchi, na tulitoka tukiwa na sauti za kukwaruza. Siku tatu baadaye Tunisia wakatufunga 3 kwa 1. Ilipofika Mei 7 na mechi ya Nigeria, kiingilio kikapanda hadi shilingi 100 bila ya tangazo, na kijana aliyewekwa mlangoni, ambaye si wa banda, akawazuia watoto wa shule waliokuwa wamezoea kuingia bure. Wengine waliichungulia sare ile ya 2 kwa 2 kupitia nyufa za mabati. Nilimlalamikia Ami siku ya pili. Hakukana. Alisema mafuta ya jenereta yalipanda na yule kijana alijichukulia uamuzi, kisha akanirudishia shilingi 70 ambazo sikuzitaka. Watoto hawakurudishiwa mechi yao. Nyota moja naiondoa kwa hilo.

Kuhusu ubao wenyewe, kuna ubishi ambao mgeni ataukuta na hana budi kuchagua upande. Kando ya mstari wa Korea Kaskazini pamechorwa nyota ndogo, na kando ya Moroko nyingine. Wakorea ndio waliolitwaa lile kombe la Dominika, wakiishinda Uhispania kwa penalti. Wamoroko nao, waliotuponyoka kwa bao moja, walikwenda Chile na mwezi wa Oktoba 2025 wakawa mabingwa wa dunia wa vijana kwa kuichapa Argentina 2 kwa 0. Kwa wazee wa benchi la nyuma hesabu imekamilika: mara mbili tumepangwa na bingwa wa dunia ajaye, basi hatukufungwa na wanyonge. Hoja hiyo ni tamu pamoja na kahawa, nami huipinga kila mara. Ukiijumlisha mistari ile sita, utapata ushindi mmoja, sare moja na vipigo vinne, mabao 7 tuliyofunga kwa 14 tuliyofungwa. Vijana walimaliza wa mwisho katika kundi lao wakiwa na alama moja. Nyota za Ami ni za jirani, hata kama zimechorwa kwa rangi yetu. Ninachokisoma mimi kwenye ubao ni kwamba tuna washambuliaji wasioogopa mtu na safu ya ulinzi inayochoka, na kwamba timu inayoingia fainali kwa mara ya kwanza hulipa karo ambayo Nigeria na Tunisia waliimaliza zamani.

Tena ubao una upendeleo. Njia ya kwenda Misri ilipitia mashindano ya CECAFA, yaani ya Afrika Mashariki na Kati, yaliyofanyika Tanzania mwezi wa Oktoba 2024, ambapo tulifika fainali na kufungwa na wenyeji 2 kwa 1. Mstari huo haupo. Nilipouliza, Ami aliniambia rangi ilikuwa imekwisha. Rangi iliyoandika ushindi wetu dhidi ya Mexico mwezi huo huo haikukwisha, lakini mtu hambishii mzee ndani ya banda lake. Kuna siku aliingia kijana wa Kiganda, fundi wa vipuri, akataka na Hippos wao waandikwe, kwani mwaka 2021 kule Mauritania walifika fainali ya Afrika ya vijana chini ya miaka 20 na wakafungwa na Ghana 2 kwa 0, jambo ambalo sisi hatujalikaribia. Akajibiwa, “Nunua rangi yako, mwanangu.” Banda zima likacheka, na yeye pia, lakini hoja yake ilikuwa nzito kuliko kicheko chetu.

Kwa jumla nalipatia banda hili nyota nne kati ya tano kwa mechi za vijana, na sijui pengine pa kulilinganisha nalo katika kisiwa hiki. Wanawake huja bila ya wasiwasi; benchi la mbele huachiwa wasichana wa timu za mitaani, na kijana anayetoa lugha chafu huonyeshwa mlango mara moja. M-Pesa inakubaliwa ila kwa kahawa na viazi, kwa hivyo beba sarafu. Usikae chini ya ile panka inayolalama. Ukitaka kuusoma ubao kwa utulivu nenda alasiri ya siku za kazi, wakati projekta imezimwa na Ami ana nafasi ya kukusimulia kila mstari, na kwa mechi za usiku nunua kahawa mapema, maana dele huwa tupu kabla ya kipindi cha pili.