Steshenari ya jirani na mahakama: nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya kopi

Jina la duka silitaji, ila nyie mnaoshindaga mahakamani hapa Mwanza mtapajua, kuna mama wa miwani na kompyuta moja ya kizamani.

Nilienda nimevimba. Kesi ya injini ya mtumbwi, hakimu kasoma mbele ya watu kwamba tuuze mimi na mwenzangu tugawane nusu kwa nusu, siku nachukua nakala ya hukumu nakuta injini yote kapewa mwenzangu! Nikamwambia mama nichapie barua kali, iende kwa Jaji Mkuu, kwa Rais, huyu afukuzwe kazi leo. Hakugusa hata kibodi. Kaisoma nakala yote mpaka muhuri alafu kaniuliza, "Mwanangu, we unataka injini yako au unataka kazi ya mtu?"

Vyote mama.

Akasema basi ni barua mbili hizo. Ya injini ni rufaa, inaenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na mi nilikuwa siku ya 22 bado nalalamika vijiweni tu. Ya kazi ya mtu ni malalamiko, hayo hukumu hayaigusi hata mstari. Kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, kama huyu wangu, unaanzia Kamati ya Maadili ya Wilaya, mwenyekiti wake mkuu wa wilaya (DC), likiwa zito linapanda mpaka Tume ya Utumishi wa Mahakama anayoiongoza Jaji Mkuu, huko ndo mtu anaweza kupoteza ajira. Angekuwa jaji wa Mahakama Kuu ni ngoma nyingine kabisa, ibara ya 110A ya Katiba, Rais anaunda tume ya watu wasiopungua 3 imchunguze kwanza. Na pale nilipotaka aandike "kala rushwa" akagoma, ushahidi uko wapi, akaweka tu kilichosomwa, tarehe na waliokuwepo.

Buku mbili kwa ukurasa, nilinuna ila nikalipa.

Sasa kopi zao daah, mashine inachora mstari mweusi katikati, ukapita juu ya namba ya kesi, karani akanirudisha na jua lile. Chapeni pale, kopi katoeni kwingine. Na nendeni asubuhi, umeme ukikatika mnakaa kwenye benchi mnaangaliana.

Rufaa imepokelewa, lalamiko bado nasubiri. Injini naisikia kila alfajiri pale Kirumba, mlio wake naujua.