Kulala jangwani kwa kundi: Wadi Rum au Sharqiya?

Watu kumi wakitaka kulala jangwani kwa Mabedui, yaani Waarabu wa jangwani wenye asili ya kuhamahama, mimi huwatajia Wadi Rum ya Jordan na mchanga wa Sharqiya, Oman.

Wadi Rum ni majabali yaliyosimama juu ya mchanga mwekundu, na tangu 2011 limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kutoka mji wa Aqaba ni kama saa moja kwa gari. Chakula chake ni zarb: kondoo au kuku, viazi, karoti na vitunguu hupangwa kwenye chanja za chuma, hushushwa shimoni kwenye makaa, kisha shimo hufunikwa na kufukiwa mchanga kwa saa kadhaa. Linapofunuliwa, moshi na harufu huwavuta wote. Hata wasiojuana hujikuta wamezunguka shimo moja.

Sharqiya ni matuta ya mchanga tu, mwendo wa kama saa tatu kutoka Muscat. Utapokewa kwa tende na kahawa ya iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Ukitosheka kitikise, la sivyo utamiminiwa tena. Shuwa, nyama inayofukiwa siku nzima au mbili, ni ya Idi hasa, basi usiitegemee.

Kwa chakula na mandhari nachagua Wadi Rum bila kusita. Lakini kundi lenye wazee wetu wapenda mazungumzo ningelipeleka Oman, kwa kuwa Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanazungumza Kiswahili. Kokote muendako, bebeni masweta: usiku wa Desemba jangwani ni baridi kweli.